Wawili Katika Elfu Mbili Mia Sita

Kimumu, Eldoret
6 Machi 2023

Kwa Mama ambaye nimeambiwa anaitwa Naomi,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii inakukuta umekaa, si umelala, maana mara ya mwisho kusikia habari zako ulikuwa umelala na damu yangu inakuingia tone kwa tone. Mimi ni mzima. Mkono walionichoma uliuma siku mbili kisha ukasahau.

Jina langu ni Cyril Ogola. Natengeneza saa na redio hapa Kimumu. Siku hizi watu wana saa ndani ya simu na redio ndani ya simu, kwa hivyo kazi yangu kubwa ni kukaa kibandani nikiangalia watu wakipita. Hiyo kazi nimeijua sana. Mke wangu Akello alifariki miaka sita iliyopita, watoto hatukujaliwa.

Daktari Vivian wa ule utafiti wa damu, kule Chepkoilel, amekubali tuandikiane kwa masharti: barua zipitie ofisini kwake, tusipeane namba za simu, na asiwepo wa kumtembelea mwenzake wala wa kumwomba kitu. Anasema mtoa damu na mpokeaji wakizoeana, huyu huanza kujiona mwenye nyumba na yule mpangaji. Nilimwahidi sitakuja kukagua nyumba.

Alinipa kijitabu cha Kiingereza kuhusu damu yetu. Shule niliachia darasa la saba, kwa hivyo nilikisoma siku nne na kamusi, na nilichoelewa ni hiki. Chembe za damu zina alama, kama magunia ya mahindi yanavyochapwa alama ya mwenye shamba. A na B kila mtu anazijua. Ziko nyingine nyingi ambazo hatuambiwi, na moja inaitwa U. Karibu binadamu wote wanayo. Daktari amepima watu elfu mbili mia sita, kanisani, sokoni na vyuoni, akapata wawili tu ambao hawana. Mmoja ni mama mfugaji wa Ziwa. Mwingine ni mimi. Kwa upande wa hiyo U, mtu yeyote akipewa damu yetu haimsumbui. Sisi tukipewa yao, mwili unaweza kuanzisha vita.

Mimi nimeishi Eldoret miaka arobaini na tano na bado naitwa mtu wa kuja. Sasa naambiwa kuna mtu anayefanana nami, na yuko Ziwa, mahali nilipowahi kupita nikatafuta hilo ziwa nisilione. Nami nimezaliwa Asembo, ziwa nalijua.

Ndugu yako wa damu (cheo nimejipa mwenyewe),
Ogola


Ziwa
2 Aprili 2023

Kwa Mzee Ogola,

Chamgei. Usishtuke, ni salamu yetu, nakuuliza kama uko sawa. Mimi nimekaa, si kulala. Nimekaa kwa kigoda nikikuandikia na ng'ombe wawili wananiangalia kama wanajua kusoma.

Nashukuru kwa damu. Sijui mtu hushukuru namna gani kwa kitu kama hicho. Ningekuwa karibu ningekuletea maziwa, lakini umesema kuna masharti.

Mimi nina miaka hamsini. Watoto ni wanne, wote wamekwenda, Kiplimo ndiye mkubwa, yuko Doha. Nina ekari moja na nusu hapa kwa shamba la marehemu baba. Shida yangu ni uvimbe kwa kizazi, daktari wa upasuaji anasema ni kama kabeji ndogo. Kila mwezi natoka damu mpaka naona nyota mchana. Anataka kutoa kizazi chote, lakini hashiki kisu mpaka pakiti tatu za damu inayonifaa ziwe kwa friji. Wanasema nilipokuwa nikizaa, mwili wangu ulijifunza kuchukia hiyo alama ya U. Ile moja yako ilinitoa kwa shimo tu.

Watoto walipimwa, wote wana alama ya baba yao. Ndugu sina. Niliandika hivyo hata kwa fomu ya Daktari Vivian.

Hapa ni kimya. Mtu wa karibu ni jirani, Gideon, na huyo ni kama hayuko. Ng'ombe wake ndio wananitembelea, wakipitia kwa mahindi.

Asante tena, Mzee.

Ni mimi,
Mama Kiplimo


Kimumu
20 Aprili 2023

Mama Kiplimo,

Habari za Ziwa, za nyota za mchana, na za hao ng'ombe wasomi? Huku mvua imeanza na paa la kibanda limeanza nayo.

Nimekaa na hesabu yako na sijaipenda. Pakiti moja ya damu huishi kwa friji siku thelathini na tano, kisha inamwagwa. Mwanamume hutoa damu mara moja kwa miezi mitatu. Kwa hivyo nikitoa leo, pakiti itakufa mimi nikiwa bado na siku hamsini na tano za kungoja. Hata nikiishi miaka mia, pakiti zangu mbili hazitakutana. Nilimuuliza Daktari Vivian kama haiwezi kugandishwa. Akasema kuna nchi wanagandisha damu miaka kumi. Hapa bado tunagandisha kuku.

Kwa hivyo tunahitaji mtu wa pili na wa tatu. Kijitabu kinasema pa kwanza kutafuta ni kwa ndugu wa tumbo moja. Kila ndugu ana nafasi moja kati ya nne ya kuwa kama wewe. Mtu wa barabarani, kwa hesabu ya utafiti wetu, ni mmoja kati ya elfu moja mia tatu. Wewe umesema huna ndugu. Mimi nimebaki na kaka mmoja, George, kule Asembo, naye anajidunga sindano za sukari, damu yake hawaichukui. Isitoshe hatujaonana miaka kumi na moja, na kufungua mazungumzo na mtu kwa kumwomba damu si adabu.

Kunywa tembe za madini ya kuongeza damu. Kula mboga, hata kama ng'ombe wa Gideon wamezimaliza.

Ndugu yako wa damu,
Ogola


Ziwa
11 Agosti 2023

Mzee Ogola,

Chamgei mno. Najua nimekaa sana. Nilikuwa mgonjwa, kisha nikawa na kazi, kisha nikawa mgonjwa tena. Sasa niko afadhali. Tembe nakunywa, zimefanya tumbo kuwa gumu kama barabara ya Ziwa wakati wa kiangazi. Wewe kifua hakijakusumbua na hii baridi?

Nilicheka peke yangu kwa maneno ya kuku, mpaka nikanyamaza nikasikia vile nyumba iko tupu. Barua yako naiweka kwa kabati ya vikombe.

Daktari wa upasuaji ameahirisha. Anasema bila pakiti tatu hataki.

Jirani amenimaliza. Juzi ng'ombe wake watatu waliingia kwa mahindi yangu yakiwa na mbelewele. Nikaita, "Gideon! Toa hawa!" Akajibu kutoka ng'ambo ya ua, "Kwani mpaka ni wapi? Pima!" Mtu mzima, na baba alitufundisha sisi sote kufunga lango kabla hatujala! Kila asubuhi tunapanga foleni moja ya maziwa, yeye mbele, mimi nyuma, miaka saba hatujasalimiana. Watu wamezoea. Mwenye kupokea maziwa hutuita "wale mabubu".

Nikutakie afya.

Mama Kiplimo


Kimumu
3 Septemba 2023

Mama Kiplimo,

Pokea salamu, na ukae kabla hujasoma.

Mimi kazi yangu ni vitu vidogo. Saa ikisimama, mara nyingi ni jino moja la gurudumu, dogo kuliko punje ya mchanga, na mwenye saa anaapa hajaiangusha. Katika barua yako kuna jino moja. Umeniambia jirani yako Gideon anaacha ng'ombe ovyo ilhali baba aliwafundisha nyinyi sote kufunga lango.

Majirani wanaweza kushiriki kisima, hata jogoo wa kuwaamsha. Baba si kitu cha kushiriki na jirani.

Huyo ni ndugu yako, Mama. Na mtu anayesema "sisi sote" huwa hahesabu wawili. Mko wangapi? Kila mmoja ana nafasi moja kati ya nne. Umekuwa ukinihurumia mimi na hesabu yangu ya siku thelathini na tano, na pakiti yako labda inapanga foleni mbele yako kila asubuhi na mtungi wa maziwa.

Daktari Vivian sijamwambia. Ni lako kumwambia.

Ndugu yako wa damu,
Ogola


Ziwa
10 Septemba 2023

Kwa Cyril Ogola,

Mimi ni mzima. Sijui kama wewe ni mzima, kwa sababu mtu mzima hapekui barua za watu kama mfuko wa mwizi.

Kwa kuwa unapenda kujua, ujue. Tuko wanne: Gideon, Jackson, Betty na mimi. Nilipotoka kwa ndoa nikarudi nyumbani, baba alinikatia hii ekari na nusu akiwa hai. Alipokufa, Gideon alisimama mbele ya wazee akasema, "Huyu aliolewa. Mtu aliyeolewa ni mgeni, apewe chai aende." Wazee walimkatalia, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Mama alipofariki niliwekwa kwa hema la wageni, nikapewa soda. Jackson na Betty walinyamaza, wakaenda kula upande wa Gideon.

Sasa mtu aliyesema mimi si wa damu yake, ndiye nimwombe damu? Heri nife na yangu.

Usiniandikie.

Naomi


Kimumu
27 Desemba 2023

Mama Kiplimo,

Salamu za sikukuu. Sijui kama utaifungua hii. Ulisema nisiandike, nami nimejitahidi miezi mitatu na nusu, ambayo kwangu ni muda wa mtu kuweza kutoa damu.

Kimumu imehama. Tangu tarehe ishirini na tatu watu wamebeba magodoro na kuku wakaenda kwao. Katika ploti yetu yenye milango kumi na miwili, kumi na mmoja ina kufuli. Siku ya Krismasi nilifungua kibanda. Hakuja mtu. Nilizitia saa zote betri, hata zisizo na wenyewe, zikawa zinalia pamoja, nikawa kama nina wageni wasiokubaliana.

Naomba msamaha kwa kusema. Kwa nilichosema bado natafakari.

Kule kwetu pia nilitoka kwa maneno. Tulipomzika Akello, George aliniuliza kwa nini nimemzika nyumbani mwanamke niliyeishi naye ugenini. Nikarudi Eldoret jioni ile ile, na udongo kwa viatu. Ile miaka ya kutoonana naye nilikuhesabia kumi na moja, lakini ni sita. Kumi na moja inasikika kama mtu ana sababu nzito zaidi.

Unaona, nami huandika uongo kwa fomu.

Ogola


Ziwa
9 Februari 2024

Mzee Ogola,

Chamgei. Hii barua nimeandika mara mbili kwa sababu mkono unachoka.

Ile ya Krismasi niliifungua siku hiyo hiyo. Sikujibu kwa sababu ya kiburi, si kwa sababu nyingine.

Mwezi wa kwanza nilianguka kwa zizi. Mwenye kupokea maziwa ndiye aliona sijafika kwa foleni akatuma watu. Daktari anasema huu uvimbe haungoji tena, upasuaji ni kabla ya Pasaka kupita sana. Anadai pakiti zake tatu. Nimemwambia nitampatia moja. Akasema moja ni kama kuingia msituni giza na njiti moja ya kiberiti. Nikamwambia, basi tutawasha hiyo moja.

Masharti yanasema nisikuombe. Naomba. Toa, Mzee. Nikiwa na hiyo moja yako, sitahitaji kumpigia mtu magoti.

Dada yako kama bado nafasi iko,
Naomi


Kimumu
14 Februari 2024

Dada Naomi,

Nafasi iko. Haijawahi kujazwa. Pole kwa kuanguka, na umshukuru mwenye maziwa kwa niaba yangu.

Nilikwenda Chepkoilel siku ile ile niliyopata barua, nimeoga, nimekula maini. Walinipima shinikizo, wakanisifu. Kisha msichana wa mezani akaangalia kitambulisho, akaangalia kompyuta, akaniita babu kwa lugha yao, akasema, "Pole, Guka, umri umepita. Mwisho ni sitini na tano. Wewe una sitini na sita."

Sina sitini na sita. Nina sitini na moja.

Nilipokuja Eldoret mwaka wa sabini na nane nilikuwa na miaka kumi na sita, na kiwanda cha nguo kilitaka watu waliofika ishirini. Kule nyumbani chifu aliniandikia 1958. Aliniuliza tarehe, nikasema yoyote, akaweka Januari mosi. Kitambulisho kikatoka na mzee ndani yake. Wengi wetu tulifanya hivyo. Wenzangu walikuwa wakijivuta umri kwenda juu kwa sababu ya kazi, na siku hizi nasikia wanariadha hapa hujivuta kwenda chini. Mimi sikujua siku moja ile miaka minne ingekuja kudaiwa na mtu mwingine.

Daktari Vivian anasema nikileta ushahidi wa kweli wa kuzaliwa, ataupeleka kwa wakubwa wake. Ushahidi uko, kama uko: nilibatizwa parokia ya kwetu, Asembo, nikiwa mchanga, na padri aliandika.

Kwa hivyo naenda nyumbani. Niombee, si kwa safari, kwa George.

Kaka yako,
Ogola


Ziwa
21 Februari 2024

Kaka Ogola,

Hujambo huko uliko? Hata sijui kama barua hii itakupata Kimumu ama itakungoja.

Niko kitandani siku nyingi kuliko kwa kigoda. Mtoto wa jirani wa upande ule mwingine ndiye anakamua. Ng'ombe hawampendi, maziwa yamepungua.

Nataka ujue kitu kimoja. Ukipata hiyo kadi ya ubatizo, mambo yangu na Gideon yamekwisha kabisa. Nitaingia kwa upasuaji na pakiti yako moja na nitatoka, na yeye atasikia kwamba mtu wa kuja wa Kimumu alinifaa kuliko yeye. Hiyo peke yake itanipa nguvu ya kupona.

Jihadhari.

Dada yako,
Naomi


Kimumu
5 Machi 2024

Dada Naomi,

Salamu. Nimerudi salama.

Kadi sikuipata. Vitabu vya parokia vya miaka hiyo vimeliwa na mchwa, vimebaki majalada. Kwa serikali na kwa maabara mimi ni mzee wa miaka sitini na sita na damu yangu ni ya kukaa nayo.

Sina jingine la kukupa. Imebaki foleni ya maziwa.

Ogola


Ziwa
2 Mei 2024

Kaka yangu Ogola,

Chamgei, chamgei tena. Uko mzima? Mimi niko. Niandike hivyo tena: mimi niko.

Barua yako fupi ilinikasirisha mpaka nikalia. Nilisema hata huyu, baada ya maneno yote, ananirudisha kwa Gideon. Nilikaa siku nne. Siku ya tano nikajifunga leso, nikachukua mtungi ukiwa na maziwa kidogo tu, nikaenda kwa foleni nikishika ua. Gideon alikuwa mbele kama kawaida. Nikasema, "Gideon."

Foleni yote iligeuka. Yeye hakugeuka. Akasema, "Unataka nini?"

"Damu."

"Ya ng'ombe ama ya mtu?"

"Yako."

Akageuka. Kaka, nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Aliniangalia kutoka kichwani mpaka miguuni, akasema, "Kumbe umekonda hivi." Miaka saba nyuma yake kwa foleni, hakuwa ameniona hata mara moja. Kisha akauliza, "Inatolewa wapi?" Nikamwambia Chepkoilel. Akasema, "Ngoja nipimiwe maziwa kwanza." Huyo ndiye Gideon. Hata siku ya kuniokoa, maziwa kwanza.

Daktari Vivian alinigombeza kwa ile fomu niliyoandika sina ndugu. Wakapimwa wote watatu. Jackson, ambaye tangu utotoni ndiye nilimpenda, hana kitu, damu yake ni ya watu wote. Betty ni kama mimi. Na Gideon ni kama mimi. Mtu aliyesema mimi ni mgeni, tumetoka kwa gunia moja.

Tulikuwa bado na pungufu ya moja. Siku mbili kabla ya upasuaji Daktari Vivian akasema, "Ya tatu ipo." Nikauliza imetoka wapi, akasema nisiulize. Nilipelekwa tarehe kumi na moja Aprili. Walitumia mbili, ya Betty na ya Gideon. Ya tatu haikuguswa.

Gideon alikaa kando ya kitanda saa nzima. Alisema maneno matatu, moja lilikuwa juu ya bei ya mbolea. Mpaka bado ni ule ule, nisikudanganye. Lakini sasa ng'ombe wakiingia, ananipigia kelele kwa jina langu.

Daktari Vivian amesema faili letu linafungwa. Sasa nina watu wa nyumbani, utafiti hauna sababu ya kupitisha barua zangu na zako. Nilimwambia anipe hii moja. Ulinifaa nilipokuwa sina mtu, kaka. Ubarikiwe.

Dada yako,
Naomi


Kimumu
19 Mei 2024

Dada yangu Naomi,

Nimesoma "mimi niko" mara nyingi kuliko inavyostahili mtu wa umri wangu, ambao nitaufikia sasa hivi. Mimi pia niko.

Daktari Vivian amenikubalia barua moja ya kufunga, kwa hivyo nitasema kila kitu kwa mara moja.

Kadi niliipata. Mchwa hawakula kitu. Karani wa parokia, binti mmoja mwenye miwani, alilifungua lile daftari akanipata kwa dakika tano: Cyril, amezaliwa 22 Julai 1962. Hata jina la mama limeandikwa vizuri. Nililia pale mezani, akanipa karatasi ya kupangusia mashine.

Kabla ya hapo nilikuwa nimepitia nyumbani. George alikuwa kivulini anajipima sukari. Akaniangalia. "Umekuja kutafuta nini?" Nikamwambia, miaka yangu minne. Akasema, "Hapa hatukuichukua. Lakini kaa." Nikapewa samaki. Nikapewa pia kiti cha wageni, kile chenye kitambaa, na shemeji akanimwagia maji ya mikono kama anavyomwagiwa mkaguzi wa shule. Hakuna aliyenikosea. Tuliongea juu ya mvua. Nilipoinuka kwenda, walinisindikiza wote mpaka barabarani, jambo ambalo mtu wa nyumbani hafanyiwi. Hapo ndipo nilielewa hema lako na soda yako.

Nilirudi na kadi mfukoni, nikakuta barua yako inasema nikiipata utaingia na pakiti moja tu, na Gideon asiombwe kamwe. Nilikwenda kwa Daktari Vivian nikamuuliza wazi, moja inatosha? Akasema, "Mzee, ikitosha itakuwa bahati, na mimi sitibu kwa bahati." Kwa hivyo nilifanya hesabu ya mwisho. Pakiti yangu ndiyo ilikuwa inakuzuia kupata nyingine mbili. Nilimkabidhi kadi ndani ya bahasha, nikamwambia: dada yangu akikosa kwa ndugu zake, ama akifika mwisho wa mwezi hajawaomba, fungua. Kisha nikakuandikia ile barua ya mchwa. Ilinichukua siku nzima, na ni mistari sita.

Ulikwenda kwa foleni. Vivian akanipigia simu kuniambia wawili wamefaa na bado mmoja. Akapeleka kadi kwa wakubwa wake, wakakubali. Ya tatu ilikuwa yangu.

Nilijua kwamba haikuguswa. Siku ya upasuaji nilikaa kibandani sikutengeneza kitu, nikingoja kuitwa kwamba imeingia, na haikuingia. Nilifurahi, Dada, usinielewe vibaya. Ni furaha ya mtu aliyekwenda arusini na zawadi, akakuta kila kitu kipo. Ilipokaribia siku zake thelathini na tano, ilipewa mama mmoja aliyejifungua, mtu wa damu ya kawaida, asiyejua na asiyehitaji kujua. Nimeambiwa ni mzima na mtoto ni wa kike.

Sasa jambo moja, halafu nikuache na watu wako. Wameniweka kwa orodha ya watoa damu adimu, mpaka nitakapofika sitini na tano ya kweli. Kuna fomu. Inauliza mtu wa kujulishwa iwapo nitaanguka, au iwapo mimi ndiye nitakayehitaji damu. Nilikaa na kalamu muda mrefu, msichana wa mezani akafikiri sijui kuandika. Niliweka: Naomi, wa Ziwa. Mahali pa uhusiano nikaandika: dada.

Vivian anasema haiwezi kukaa hivyo bila wewe kukubali. Anasema faili limefungwa, hataleta barua nyingine kutoka kwako, isipokuwa moja: ya kukataa. Amekupa hadi mwisho wa Juni.

Kwa hivyo usinijibu, tafadhali. Nitakuwa kibandani kila siku, nikiangalia kama mtu wa ofisi ya utafiti anakuja. Asipokuja, nitajua umekubali.

Kaka yako,
Cyril